Sahani ya Bi Irma

Bi Irma Petrisko alitawala jiko la usharika wetu kwa zaidi ya miaka thelathini na tano, na katika miaka yote niliyokuwa naye sikumwona akionja biskuti hata moja. Alizitazama tu. Unamletea trei, anaweka miwani sawa, anainama, kisha kidole kinashuka: hii, na hii, na ile kule pembeni. Zilizoguswa na kidole zinakwenda kwenye pipa la taka. Hakuna aliyeuliza zimekosa nini.

Jiko liko chini ya kanisa, na madirisha yake yako juu karibu na dari, kwa hiyo ukitazama nje unaona viatu vya watu na magurudumu ya magari basi. Kila mwaka, baada ya Sikukuu ya Shukrani, wanawake kama kumi na watano tulishuka humo kuoka biskuti za gulio la Krismasi. Tulioka za kokwa za jozi, tulioka za jemu ya aprikoti zilizokunjwa kama bahasha, lakini watu waliovuka Mto Monongahela asubuhi ya baridi kali wakapanga foleni mlangoni walifuata vishungi. Unasukuma kinyunya mpaka kiwe chembamba kama kitambaa, unakikata vipande virefu, unakizungusha kwenye kibanio cha nguo cha mti, unaoka, unachomoa kibanio kishungi kikiwa bado moto, kisha unajaza krimu ndani. Kikitoka vizuri kinafanana na nywele za bibi harusi zilizosokotwa. Mikono ikikosea kidogo, kinapasuka.

Habari hii inamhusu Bi Irma na Paulette Dzurko. Inanihusu na mimi, ingawa ningependa isinihusu.

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimeolewa na Stefan Hudak majira ya joto yaliyotangulia, nimetoka usharika wa upande wa pili wa kilima, na hapa nilikuwa mgeni. Nilitaka sana Bi Irma anipende. Paulette alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake, Ludmila, ndiye aliyekuwa msukumaji bora wa kinyunya katika jiko lile, mwanamke mkimya mwenye mikono mipana. Paulette alikuja naye kila Jumatano ya kuoka. Mwaka huo alivaa sweta la baba yake, kubwa, lakini jiko lina joto na mtu hawezi kukaa na sweta kutwa nzima. Alipolivua, tuliona. Mimba ilikuwa na miezi minne au mitano. Mvulana mwenyewe alikuwa ameshaingia jeshini na barua zake zilikuwa zimekoma.

Paulette alipeleka trei yake mbele ya Bi Irma kama sote tulivyopeleka. Vishungi arobaini na nane. Vilikuwa vizuri, nilikuwa karibu na niliviona. Bi Irma hakuvitazama. Alitazama tumbo.

"Hivi vimeshikwa na nani?"

"Na mimi, Bi Irma."

"Ndiyo maana."

Akainua trei kwa mikono miwili, akaenda nayo hadi kwenye pipa, akaiinamisha. Vilianguka kimoja kimoja, halafu vyote.

"Watu wanawapa watoto wao hivi vitu," alisema. "Nawa mikono uende nyumbani."

Ludmila alikuwa mezani, mti wa kusukumia mkononi. Hakusimama. Aliendelea kusukuma, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka kinyunya chake kikatoboka katikati. Na hapo mtu mmoja akacheka. Nilikuwa mimi. Sikuwa na sababu, labda ile ya kwamba Bi Irma alinigeukia kidogo, na nilidhani anangoja kitu kutoka kwangu. Baada yangu wakacheka na wengine wawili watatu.

Paulette alinawa mikono. Alinawa kwa sabuni, vizuri, hadi kwenye viwiko, akajifuta, akatundika taulo mahali pake, akapanda ngazi.

Kabla ya mwaka mpya alipelekwa Cleveland kwa shangazi yake. Tulisikia kwamba mtoto alizaliwa na akachukuliwa na watu wengine. Ludmila hakulizungumza, na sisi hatukumuuliza. Alikuja Jumatano iliyofuata, akasukuma kinyunya, na mwaka uliofuata vilevile, na miaka ishirini baada ya hapo.

Paulette alirudi mwaka 1993, mama yake alipopata saratani ya tumbo. Alimuuguza miaka miwili, akamzika, akabaki katika nyumba yake. Alikuwa karani kwa daktari wa meno mjini. Hakuolewa. Halafu Jumatano moja alishuka ngazi za jiko, na sote tuliokuwapo mwaka ule tukawa na shughuli nyingi ghafla, huyu anatafuta kijiko, yule anachungulia oveni.

"Wewe wa Ludmila," Bi Irma alimwambia. "Aproni ziko kwenye ndoano. Unajua kusukuma?"

"Najua."

"Tutaona."

Basi. Miaka tisa walifanya kazi bega kwa bega. Kidole cha Bi Irma hakikugusa hata biskuti moja ya Paulette. Mara moja nilimsikia akimwambia, "Una mikono ya mama yako," na kwa Bi Irma maneno hayo yalikuwa sawa na nishani. Paulette alishukuru. Tukajiambia kwamba amesamehe. Ni kanisa, mtu anategemewa kusamehe, na ilitufaa sote kuamini hivyo.

Masika ya mwaka 2004 Bi Irma alipata kiharusi. Alikuwa na miaka themanini na moja. Alisimama tena, lakini kwa fimbo, na mkono wake wa kulia ukawa unatetemeka hata anapolala, mwanawe Geraldine alituambia hivyo. Mwezi wa tisa Mchungaji Kovalik, ambaye ni kijana na hakujua lolote la zamani, alimkabidhi Paulette uongozi wa jiko. Tulidhani Bi Irma atabaki nyumbani. Jumatano ya kwanza ya kuoka tulisikia fimbo kwenye ngazi. Alishuka hatua moja moja, aproni yake mwenyewe imepigwa pasi, na hakuna aliyejua amtazame nani.

Paulette alimwendea. "Karibu, Bi Irma. Nimekuwekea kiti, hapa karibu na bomba la joto."

"Sihitaji kiti."

"Kaa tu upumzike. Umefanya kazi ya kutosha."

"Nimekuja kufanya kazi. Nipe kazi."

"Unapenda kazi gani?"

"Unaniuliza? Vishungi."

Thelma Sabol, ambaye tumekaa naye meza moja tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi, alinikanyaga mguu. Halafu akasema kwa sauti, "Bi Irma, njoo huku unisaidie kuvunja jozi. Mimi na huyu Rozi tumeishiwa umbea, tuletee mpya."

Ilikuwa njia ya kumwokoa. Jozi unaweza kuvunja hata kama mkono unatetemeka.

"Thelma," Paulette alisema, "mwache Bi Irma achague mwenyewe. Hakuna anayejua vishungi kama yeye."

Akamwandalia nafasi katikati ya meza kubwa, chini ya taa. Akamwekea kinyunya, unga, kisu, vibanio ishirini na vinne, na bakuli la maji. Sisi wengine tulikaa pembeni. Jiko zima lilimwona.

Alianza saa tatu asubuhi. Kusukuma kulimshinda, mti ulikwenda upande, kwa hiyo alikandamiza kinyunya kwa kiganja. Vipande vilitoka vinene huku na vyembamba kule. Kuzungusha ndiko kulikokuwa kugumu kutazama. Alishika kibanio kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukileta kinyunya, na kinyunya kikawa kinaruka, kinagusa kibanio, kinaruka tena. Kikianguka mezani anakiokota, anaanza upya. Hakutukana, hakuguna. Jasho lilimtoka puani.

Nikasimama kwenda kumsaidia. Paulette alinishika kiwiko, taratibu.

"Atakwambia akitaka," alisema.

Saa saba alikuwa na vishungi kumi na tisa. Paulette aliviweka mwenyewe kwenye oveni, akavitoa mwenyewe. Vilikuwa kama vidole vilivyobanwa na mlango. Vingine vilipasuka vilipochomolewa, na krimu ilipojazwa ikatokea ubavuni.

Bi Irma aliweka miwani sawa. Akavitazama kama alivyotazama vya watu maisha yake yote.

"Tupa," alisema.

"Tutupe nini, Bi Irma?"

"Hivyo. Vibaya. Tupa."

"Vya mikono yako?" Paulette alitabasamu. Sauti yake ilikuwa ile anayowapokelea wagonjwa wenye maumivu ya jino. "Hapana. Ni vizuri kabisa. Mungu anatazama moyo."

Bi Irma alinyoosha mkono kuichukua trei. Paulette aliisogeza, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akavipanga vishungi kwenye kopo la bati, akaweka kopo kwenye friza, rafu ya juu kabisa, ambako mtu mwenye fimbo hafiki.

Kwenye maegesho Thelma alinisimamisha. Theluji ilikuwa imeanza.

"Ile ni heshima, au ni nini?"

"Sijui," nilisema.

"Unajua. Na mimi najua." Akafunga kitambaa chake. "Mkuki kwa nguruwe, mwenzangu. Yule bibi ametulisha mengi."

"Kwa hiyo tumwache?"

"Kwani mimi nimesema nini? Mimi nasema baridi, nakwenda nyumbani."

Kulikuwa na siku kumi kabla ya gulio. Siku kumi zinatosha kwa mtu kupiga simu, au kumwambia mchungaji, au kulivizia kopo na kuliangusha kwa bahati mbaya. Nilifikiria yote matatu. Siku ya tano Paulette alinipigia mimi.

"Rozi, una mwandiko mzuri. Nataka kadi ya meza ya Bi Irma."

"Ana meza?"

"Ana meza yake peke yake. Andika: Vishungi vya Irma Petrisko, mama wa jiko letu. Andika kubwa, watu wazima hawaoni."

"Paulette, vile vishungi..."

"Vina nini?"

Nilitafuta karatasi.

"Wewe ndiye unayefaa kuiandika," alisema, na hapo nikajua kwamba hajasahau nani alicheka wa kwanza. Niliandika. Nilitumia kalamu ya dhahabu niliyonunua kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wangu.

Jumamosi ya gulio watu walijaa ukumbi wa kanisa mpaka nje. Meza ya Bi Irma ilikuwa ya kwanza kutoka mlangoni, hakuna aliyeweza kuingia bila kuipita. Kitambaa cheupe, kiti chenye mto, na sahani ya kioo yenye mguu, ile tunayoitoa askofu akija. Juu ya sahani vishungi kumi na tisa. Baada ya kukaa kwenye friza vilikuwa vimezidi kulegea. Na nyuma yake, meza hadi meza, vishungi vya Paulette na vyetu, mamia, vimesimama kwa safu, vyeupe kwa sukari ya unga.

Mchungaji Kovalik mwenyewe ndiye aliyemfuata Bi Irma kwa gari. Bi Irma alipoingia akaona kadi, sahani na kiti, alisimama. Alielewa palepale, nilimwona. Lakini mchungaji alikuwa ameshashika kipaza sauti.

"Leo dada yetu Paulette amekuwa na wazo zuri sana," alisema, uso wake unang'aa. "Tunataka kumheshimu mtu aliyetulisha miaka mingi, na ambaye hata ugonjwa haujamzuia kutuokea mwaka huu. Bi Irma Petrisko."

Watu walipiga makofi. Paulette alimbandika ua kifuani, na ilibidi ainame karibu sana, mashavu yao karibu yagusane. Bi Irma angefanya nini? Angesema anaonewa, kwa makofi na ua? Alikaa.

Alikaa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana.

Watu walikuja, wakamsalimu, wakashika mkono wake wa kushoto. Wa kulia aliuficha chini ya kitambaa cha meza, lakini kitambaa kilitikisika. Macho yao yalishuka kwenye sahani, yakakaa hapo kidogo, yakaondoka. Mtoto mmoja aliuliza, "Mama, hivi vimekanyagwa?" na mama yake akamvuta mkono akaenda naye. Bwana Lesko wa duka la vifaa vya ujenzi alisema kwa sauti kwamba kila mtu ana siku yake mbaya. Mwanamke mmoja kutoka ng'ambo ya mto, mteja wetu wa miaka mingi ambaye zamani alikuwa akimnyenyekea Bi Irma ili awekewe maboksi mawili, alichukua kimoja. Kikakatika. Krimu ikamwagika kwenye glovu yake ya ngozi. Alivirudisha vipande vyote viwili kwenye sahani.

"Samahani, Bi Irma. Mwaka huu daktari amenikataza sukari."

Halafu akaenda meza ya tatu, akanunua maboksi manne.

Mgongo wa Bi Irma haukugusa kiti. Kila baada ya nusu saa Paulette alipita.

"Chai, Bi Irma?"

"Hapana."

"Umetuvutia watu wengi leo." Na kabla ya kuondoka alikuwa anaigeuza ile kadi kidogo, itazame mlango vizuri.

Mchana nilichukua boksi tupu nikaenda mezani pake.

"Nipe vyote, Bi Irma. Stefan anavipenda."

"Stefan ana kisukari tangu mwaka themanini na saba."

"Basi wajukuu zangu."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu, ya kijivu, yale yale. "Rozi. Weka hilo boksi chini. Usininunulie."

Nililiweka chini. Nilirudi kwenye meza yangu nikaendelea kuuza za aprikoti.

Ilipofika saa nane ukumbi ulikuwa mtupu na meza zote zimebaki makombo, isipokuwa sahani moja. Wanaume walianza kukunja viti. Bi Irma aliondoa ua kifuani, akaliweka mezani, akaniambia nimpeleke nyumbani.

Barabara ilikuwa na theluji iliyogeuka tope. Tulipita kiwanda kilichofungwa, tukapita duka la dawa. Mimi ndiye niliyeanza kuzungumza.

"Bi Irma, unajua kwa nini Paulette amefanya vile?"

"Kwa sababu nimezeeka, na alitaka watu waone. Kila anayechukua kiti cha mwenzake hufanya hivyo."

"Siyo hilo. Ni kwa ajili ya ile trei."

"Trei gani?"

"Ya mwaka sabini na moja. Vishungi vyake. Ulivimwaga mbele yetu."

"Nimemwaga trei nyingi."

"Alikuwa mjamzito, Bi Irma. Ulimwambia anawe mikono aende nyumbani."

Alifikiri. Alifikiri mpaka tukavuka daraja, mpaka tukapanda mtaa wake. Nilisimamisha gari mbele ya nyumba yake, na bado alikuwa anafikiri, midomo imekazwa, kama mtu anayetafuta jina la mtaa aliowahi kupita.

"Yule msichana wa Ludmila alipata mtoto?" aliuliza.

Nilimtazama nione kama anadanganya. Hakuwa anadanganya. Bi Irma hakuwahi kujisumbua kuwadanganya watu kama sisi.

"Sikumbuki," alisema. "Nifungulie mlango, huu mkono hauwezi."

Nilirudi kanisani kuosha vyombo. Paulette alikuwa jikoni peke yake, mikono ndani ya maji, sahani ya kioo imeshaoshwa imeegemezwa ukutani ikauke. Sikumuuliza vishungi vimekwenda wapi.

Ningeweza kunyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikunyamaza. Nilijiambia kwamba nataka amwonee huruma mwanamke mzee, lakini ile kadi yenye maandishi ya dhahabu ilikuwa bado kwenye mfuko wa aproni yangu, nilikuwa nimeiondoa mezani ili watu wasiendelee kuuona mwandiko wangu, na nadhani nilitaka na yeye apate cha kubeba.

"Hakumbuki, Paulette."

"Nani hakumbuki nini?"

"Bi Irma. Nimemuuliza. Hakumbuki trei, hakumbuki alichosema. Alikuwa hajui hata kama ulipata mtoto."

Alifunga bomba. Alisimama pale na mikono yake ndani ya maji, na povu likawa linapasuka taratibu.

"Umemwambia?"

"Kidogo."

"Hayakuwa yako kumwambia."

"Najua."

"Wewe unakumbuka, lakini."

"Nakumbuka."

"Ulicheka."

"Nilicheka."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea chenji sahihi, akafungua bomba tena. Tuliosha trei sitini.

Jumatatu alichukua ruhusa kazini, akaenda nyumbani kwa Bi Irma. Nilijua kutoka kwake mwenyewe, Jumatano, tulipokuwa tunakunja vitambaa vya meza, yeye ncha zile, mimi ncha hizi.

"Nilimweleza yote," alisema. "Nilikaa kwenye kochi lake nikamweleza kuanzia mwanzo. Cleveland. Chumba cha shangazi. Mtoto alikuwa msichana, nilimwambia mpaka uzito wake. Nilimwambia mama yangu alikufa bila kuligusa lile jambo, na mimi nilikuwa namwogesha kila siku, namgeuza kitandani, nangoja. Nilizungumza saa nzima, Rozi. Hakunikatiza."

"Akasema nini?"

Alileta ncha zake kwenye zangu, tukakunja.

"Akasema, 'Kama nilivitupa, basi vilikuwa vibaya.'"

Nilikiweka kile kitambaa mezani.

"Halafu akaniuliza nilitumia siagi au mafuta ya nguruwe."

"Paulette."

"Nikamjibu. Unasikia? Nilikwenda pale kumwambia yale, na aliponiuliza nikamjibu kama mtoto wa shule. Nikasema mafuta ya nguruwe, mama alisema siagi imepanda bei. Akasema, 'Ndiyo hivyo,' akaomba nimsogezee blanketi."

"Ukamsogezea?"

"Nilimsogezea." Alichukua kitambaa kingine kutoka kwenye rundo. "Shika huko. Usikivute, kitachanika."

Bi Irma hakushuka tena ngazi za jiko. Jumapili aliketi mstari wa tatu kama kawaida, akaimba, akatoka kwa mlango wa pembeni. Baada ya Pasaka Geraldine alikuja na gari la mizigo akamhamishia kwake Ohio, na mwezi wa nane tukapata habari kwamba amefariki usingizini. Tulituma kadi ya rambirambi. Paulette alitia sahihi wa kwanza, katikati, kwa herufi kubwa zilizonyooka.

Mwezi wa kumi na moja, Jumatano ya kwanza ya kuoka, ilifika barua kutoka kwa Geraldine. Paulette aliisoma mbele yetu sote, amesimama kwenye ncha ya meza. Geraldine alitushukuru kwa miaka yote tuliyokaa na mama yake. Aliandika kwamba siku za mwisho Bi Irma alikuwa akitaja vishungi mara kwa mara, na kwamba yeye, Geraldine, hakuwahi kujifunza, mama yake hakuwa mtu wa kumfundisha mtu nyumbani. Alitaka kuwaokea watoto wake Krismasi ile. Je, kuna yeyote kati yetu mwenye vipimo?

Paulette alikunja barua.

"Vipimo vya Bi Irma," alisema. "Kuna aliye navyo?"

Vilikuwa vimebandikwa upande wa ndani wa mlango wa kabati la unga, kwa mwandiko wa Bi Irma mwenyewe, karatasi imegeuka rangi ya chai. Tulikuwa tumeufungua mlango ule asubuhi hiyo hiyo, mmoja baada ya mwingine. Paulette alitutazama, akianzia kushoto. Thelma alitazama mikono yake. Zamu ilipofika kwangu macho yake yalikaa kidogo zaidi.

"Sina," nilisema.

"Basi nitamwandikia kwamba havipo," alisema Paulette, akaweka barua kwenye droo ya visu, tukaanza kazi.